Firiti, mayoneze na vyuma: maswali ya vijana wa jimu na majibu yangu

Niko muganga kwenye kituo cha afya hapa Goma, na tangu jimu zimeenea kila mahali, kuanzia Ndosho mpaka Himbi, hata zile za kwenye parsele mutu anainua bara iliyomwagiwa simenti ndani ya makopo ya rangi, napokea kila wiki vijana wa miaka 22, 26, 30, mabega makubwa, shingo nene, wanakuja na kichwa inauma. Ukiwauliza wanakula nini, jibu ni moja: "Docta, niko naongeza masi." Maana yake firiti (viazi vya kukaanga na mafuta) na mayoneze mara mbili kwa siku, baga ama shawarma usiku, soda, na kopo ya enerji mbele ya mazoezi. Maswali yenye wananiuliza inarudilia kila siku, njo maana nimeyaandika hapa pamoja na majibu.

Kuongeza masi ni nini kwanza?

Ni kukula kidogo kupita kile mwili inatumia, huku unainua vyuma, ili musuli ikue. Nasema kidogo. Kalori 300 mpaka 500 za kuongeza kwa siku zinatosha mutu wengi. Hiyo ni yai mbili, mukate na kikombe ya maziwa, haiko sahani tatu za mafuta.

Firiti haina nguvu? Mimi nikikula naona kilo inapanda.

Kilo inapanda, ndiyo. Lakini kilo ya nini? Tuhesabu pamoja. Sahani kubwa ya firiti, gramu kama 400, iko na kalori karibu 1200, na proteini gramu 14 tu. Weka juu kijiko kubwa tatu za mayoneze, kalori zingine 300. Kunywa soda ya nusu lita, hapo umemeza sukari gramu 50 na zaidi, ni kalori 200 na kitu. Umefika 1700 kwa kukaa mara moja, na proteini yenyewe, ile njo inajenga musuli, unaipata sawa vile mutu aliyekula yai mbili na kipande ya tatu.

Sasa mutu anayeanza vyuma, akifanya vizuri, akilala vizuri, musuli yenye anaweza kupata kwa mwezi ni nusu kilo mpaka kilo moja. Wewe unakuja unaniambia umepata kilo tano kwa mwezi na unafurahi. Ndugu yangu, hizo kilo ingine ni mafuta, na maji yenye chumvi imeshikilia ndani ya mwili. Mafuta hayo hayakai tu chini ya ngozi penye unayaona, yanaingia tumboni, yanazunguka maini. Pima kiuno yako na metre ya fundi wa nguo, pale kwenye kitovu. Mwanaume akipita sentimetre 94, tayari hatari ya sukari na ya moyo imeanza kupanda, hata kama mikono ni minene namna gani.

Lakini docta, mimi nafanya spoti. Mazoezi haichomi yote hiyo?

Hapana.

Hili swali naulizwa kila siku, na njo linaleta shida kuliko yote, kwa hiyo nalijibu polepole. Lisaa moja ya vyuma inachoma kalori 200 mpaka 400, inategemea uzito wako na vile unapumzika katikati, na wengi mnapumzika sana mukiangalia telefone. Sahani yako ilikuwa 1700. Hesabu mwenyewe.

Halafu chumvi vyuma haichomi. Ingine inatoka na jasho, lakini ile yenye unarudishia na firiti, na kube ya kwenye nyama (ile ya kuleta ladha, sawa Maggi), na sosi, inapita mbali. Shirika la Afya Duniani linasema mutu mukubwa asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kijiko kidogo cha chai kimoja, kwa chakula yote ya siku nzima. Mutu wa firiti na baga na mayoneze kila siku anaipita bila hata kugusa chupa ya chumvi mezani.

Chumvi ikizidi, mwili inashikilia maji, damu inakuwa mingi ndani ya mishipa, presha inapanda. Hiyo njo tansyo, ile vitabu vinaita shinikizo la damu. Na tansyo haiangalie kama uko na siks-pak.

Tansyo ni ya wazee, ao?

Hapana. Narudilia: hapana. Mwaka huu tu nimeona vijana wengi, na mmoja wao siwezi kumusahau. Miaka 26, alikuja na singleti, kichwa inamuuma nyuma, kwenye kisogo, tangu wiki tatu. Wiki tatu nzima alikuwa anakunywa ibuprofene asubui na jioni kisha anaenda kuinua vyuma. Nikamufunga kitambaa cha mashini kwenye mukono, ikatoa 17 juu ya 11 (mashini zingine zinaandika 170/110). Akacheka, akasema mashini yenu imekufa. Nikabadilisha mukono, nikamungojesha dakika kumi, ikatoa 17 juu ya 11. Hapo akanyamaza, akaanza kuangalia mikono yake mwenyewe, ile mikono ya kazi ya mwaka mzima, sawa vile inamudanganya.

Tansyo ya kawaida iko chini ya 12 juu ya 8. Kuanzia 14 juu ya 9, ikirudi hivyo siku mbalimbali, ni ugonjwa, hata kama uko na miaka 22, hata kama unabeba kilo 100 kwenye benchi, hata kama hausikie kitu. Mara mingi hausikie kitu! Mutu anatembea nayo miaka, figo zinachoka polepole, moyo unanenepa vibaya, siku moja mushipa ya kichwa inapasuka. Tunawaona, mdomo umeenda upande, mukono hauinuke, na familia inasema "alikuwa muzima kabisa, alikuwa anafanya hata spoti". Hakuwa muzima. Hakupima.

Kichwa ikiniuma kisha mazoezi, si ni uchovu tu? Nikikunywa dawa inapita.

Dawa inaficha maumivu, tansyo inabakia pale pale. Na hizi dawa munapenda, ibuprofene na diklofenake, zenyewe zinaweza kupandisha tansyo na kuharibisha figo, zaidi ukizikunywa kila siku. Kwa hiyo unazima kengele na unaongeza moto. Kitu kingine: ukiinua chuma kizito na umefunga pumzi, tansyo inapanda sana kwa zile sekonde chache, kwa kila mutu. Kwa mutu ambaye yake iko kawaida, inapanda na kushuka, hakuna shida. Kwa wewe ambaye uliingia jimu na 17 tayari, unaisukuma kutoka 17 kwenda juu. Uko unacheza na mishipa ya kichwa yako.

Kichwa imeuma siku mbili kisha mazoezi? Pima tansyo. Macho inaona giza ao vinyota? Pima tansyo. Moyo unapiga mbio ukiwa umelala? Pima tansyo. Haujasikia kitu lakini umekula firiti mwaka mzima ili unenepe? Pima tansyo. Ni dakika tano. Siangalie mutu vibaya akikuja kupima, akute hana kitu, na kurudi nyumbani muzima, naangalia vibaya ule alingojea wiki tatu.

Na kama ni kifua inabana, pumzi inakatika, upande moja wa mwili unalegea, maneno yanakwama mdomoni, ao kichwa inakushika gafla kwa nguvu yenye haujawahi kuona, hapo haupime kwa farmasi, haungojee asubui, haulale "kidogo kwanza". Unaenda lopitali saa ile ile, na mutu akusindikize, usiendeshe pikipiki peke yako.

Enerji mbele ya jimu ni mubaya?

Kopo ya nusu lita iko na kafeyine kama miligramu 160 na sukari zaidi ya gramu 50. Mutu mukubwa mwenye afya asipite miligramu 400 za kafeyine kwa siku, na wengine mnapiga kopo mbili na kahawa juu. Kama tansyo yako haijulikani, acha. Maji na ndizi mbili zinatosha kwa lisaa moja ya vyuma.

Rafiki aliniambia kuko vidonge vya kunenepa, vinasaidia masi.

Hapa nakasirika, munisamehe. Vile vidonge wanauza kwa mafungu, mara mingi ndani muko deksametazone, dawa yenye inafanya kazi sawa homoni moja ya mwili, na dawa ingine ya kukuletea njaa na usingizi. Deksametazone ni dawa ya kweli, tunaitumia kwa wagonjwa wa kweli, na docta anafuata. Kwa wewe inajaza uso maji, inapandisha tansyo, inapandisha sukari, na inakula musuli. Ndiyo, musuli, ile njo unatafuta! Mashavu inajaa, mapaja inalegea. Na kama umeshakunywa wiki mingi, usiache gafla peke yako, juu mwili imesahau kutengeneza ile homoni yake na unaweza kuanguka vibaya. Kuja na karatasi ya vidonge mkononi, hatuko polisi, tutakuonyesha namna ya kushuka polepole.

Basi nikule nini? Nyama ni gali.

Haiombe nyama kila siku. Mutu anayeinua vyuma inafaa apate proteini kama gramu 1,6 kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo kilo 70 ni gramu 112 hivi. Angalia vile inapatikana hapa kwetu: asubui yai tatu (gramu 18) na nusu lita ya maziwa (16). Saa sita maharage sahani ya kweli, gramu 300 zilizopikwa (25), na bugali ya mahindi. Jioni sambaza (samaki kidogo za ziwa) kavu gramu 50 (karibu 30), na sombe (majani ya muhogo), na katikati ya siku karanga ngumi mbili, gramu 60 (15). Umefika 104, bugali na mukate zinamaliza ile inabakia. Tena fufu ya muhogo peke yake haina proteini karibu hata kidogo, changanya na unga ya mahindi ao soya. Sambaza muichukue kwenye soko ya Kituku mapema, muioshe, muipike bila kutumbukiza kube tatu ndani.

Na bei? Fanya hesabu ya pesa yenye unaachia kwa mutu wa firiti na baga kwa wiki, uipeleke kwenye yai, maharage na karanga, utaona inabakia.

Mutu anayeniambia bila baga musuli haikue, namuomba aangalie wale wanasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za kubeba mizigo, kwenye ile mawe ya volkano. Mizigo mamia ya kilo. Migongo yao, mapaja yao. Walikula maharage na bugali. Musuli inakua juu ya mzigo unaoongezeka polepole, proteini yenye inagawanywa kwa siku nzima, na usingizi wa masaa saba na zaidi. Wengi wenu mnaenda kulala saa nane ya usiku na telefone mkononi halafu munataka firiti ifanye kazi ya usingizi.

Kwa hiyo nisikule firiti tena hata siku moja?

Sikusema hivyo. Siku ya ndoa, siku ya mupira, kula na brosheti yako, mayoneze kidogo, maji badala ya soda. Mimi nasema usiifanye chakula ya musuli. Na ile ya kando ya barabara, angalia mafuta kwanza: ikiwa nyeusi, inatoa povu na moshi, imechomwa mara mingi, pita.

Wameniambia tansyo yangu iko juu. Niache vyuma?

Vyuma vizito, ndiyo, mpaka docta aseme. Kutembea haraka, baiskeli, mupira ya polepole, endelea, inasaidia tansyo kushuka. Punguza chumvi leo, haiko Jumatatu. Ikiwa 18 juu ya 11 na kupita, muone docta siku ile ile hata kama hauna maumivu. Na usikunywe vidonge vya tansyo vya mama yako, kila mutu na kipimo yake. Ule kijana wa 17 juu ya 11, tulimuandikia dawa, akaacha firiti, ibuprofene na enerji, akarudi kisha miezi mitatu na 13 juu ya 8 na kilo saba chini, na siku hiyo akaniuliza lini anaweza kurudia benchi. Nilimujibu aanze na bara tupu, apumue nje kila akisukuma.

Kupima inaomba nifunge kula?

Hapana, hiyo ni ya sukari. Kwa tansyo, usitoke jimu ukakuja mbio mbio: ungojee nusu saa kisha mazoezi, kahawa ao sigara, kojoa kwanza, kaa dakika tano mugongo umeegemea kiti, miguu chini, usiongee. Na nyinyi wa mikono minene muombe kitambaa kikubwa cha kufunga, kile kidogo kinabana na kutoa namba ya juu ya uongo. Sisi tuko nacho, kiko kwenye droo ya pili, uliza tu.