Damu kupungua vichupani hakumaanishi ubongo uko salama

Mgonjwa anafika idara ya dharura, kichwa kimeanza kumuuma ghafla kwa ukali ambao hajawahi kuupata. CT skani, yaani picha ya kichwa, haionyeshi kitu, basi daktari, akihofia damu iliyovuja kuzunguka ubongo, anamchoma sindano mgongoni na kukinga maji ya uti wa mgongo katika vichupa 4. Cha kwanza kina damu nyingi, cha nne kina kidogo. Kwa miaka mingi wengi wameamini kwamba hapo shauri limekwisha: ni sindano tu iliyotoboa kimshipa njiani.

Sivyo. Kupungua huko kunaonyesha kuwa huenda sindano imechangia, lakini mtu anaweza kuwa na yote mawili: kimshipa kilichotobolewa mgongoni na damu iliyovuja kuzunguka ubongo. Seli nyekundu za damu 20,000 za kichupa cha kwanza zikishuka hadi 9,000 katika cha mwisho, hizo 9,000 bado zinahitaji maelezo. Cha kutazama ni kichupa cha mwisho kimebaki na ngapi. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba zikiwa chini ya 2,000 kwa mikrolita, na maji hayana umanjano, kupasuka kwa mshipa uliovimba kichwani kunaweza kuondolewa kwenye orodha ya hofu. Masharti yote mawili, tafadhali, si moja.

Umanjano wenyewe hutokana na bilirubini, rangi ya njano inayotokea seli zilizovuja zinapovunjwa, na huweza kuchukua hadi saa 12 kujitokeza. Kwa hiyo maji maangavu yaliyotolewa mapema mno hayatoshi kumrudisha mgonjwa nyumbani.