Farasi ana kajeraha kadogo mguuni: umpande leo au umwache?

Swali hili tunaletewa sana kitengo cha farasi, na siku hizi linakuja na picha kabisa: mguu, kadamu kidogo, manyoya yametoka kidogo, afu chini mtu kaandika "dokta ni kamchubuko tu haka, naweza kumpanda leo?" Na mimi kitu cha kwanza ninachouliza wala sio kidonda kina ukubwa gani, nauliza kiko wapi na farasi anakanyagaje, manake kwa farasi ukubwa wa kidonda unadanganya kweli kweli. Kuna kidonda cha kutisha kifuani, nyama iko nje, mwenye farasi karibu azimie, na mnyama anapona vizuri tu. Na kuna katundu kamoja karibu na kifundo, hukaoni mpaka upapase, ambako ndo kanamaliza kazi yake ya kubeba mtu moja kwa moja.

Sababu ni maumbile yake. Farasi kuanzia goti la mbele kushuka chini, na mguu wa nyuma kuanzia ile kona kubwa kushuka chini, hana msuli wa maana. Ni ngozi, kano, mishipa na mfupa, basi. Misuli inayoendesha mguu imekaa juu huko na inavuta kwa kano ndefu zinazoshuka mpaka kwenye kwato. Kwa hiyo mwiba, msumari au waya ukimchoma huku chini hakuna nyama ya kuuzuia, unaingia kwenye kiungo au kwenye ala ya kano, yaani kile kifuko kinachoizunguka kano, na bakteria wakishaingia humo ndani wanaanza kuharibu kiungo, na hapo tunahesabu masaa, sio siku. Kiungo kikioshwa na daktari mapema, ndani ya siku ile ile, farasi ana nafasi nzuri, ila ukisubiri siku tatu nne "tuone kama kitapona" nafasi hiyo inashuka vibaya. Na kinachowaponza watu wengi ni kwamba mwanzoni farasi anaweza asichecheme sana, kwa sababu majimaji ya kiungo yanatoka nje kupitia kidonda na presha haijajaa ndani. Kidonda kikijifunga ndo anaamka asubuhi hawezi kukanyaga. Ukiona majimaji ya njano njano yanayovutika kati ya vidole viwili, usianze hata kufikiria tandiko, piga simu.

Kwa hiyo mimi kidonda chochote kilichotoboa ngozi karibu na kiungo au nyuma ya mguu zinakopita kano, hata kiwe na upana wa kalamu, farasi hapandwi mpaka daktari amshike. Hapo sibishani na mtu.

Halafu kuna teke. Farasi wengine wawili wamegombana, mmoja kapigwa ndani ya mguu, sehemu ya juu ya goti au juu ya ile kona ya nyuma, ambapo mfupa umefunikwa na ngozi tu. Unaona kaalama kadogo, anatembea, unasema afadhali. Lakini mfupa unaweza kuwa na ufa mwembamba ambao eksirei ya siku ya kwanza wakati mwingine haiuonyeshi, na ufa huo ukiuongezea uzito wa mtu na kona mbili tatu za uwanjani unaweza kufunguka wote, na mfupa mkubwa wa mguu ukivunjika kabisa kwa farasi mkubwa mara nyingi hakuna tena cha kufanya. Huyo anapumzishwa zizini na anapigwa picha tena baadae kabla ya kurudishwa kazini, hata kama mwenyewe anaonekana amechoka kukaa ndani.

Sasa tuseme kidonda kiko mahali pa usalama, ni mkwaruzo wa ngozi ya juu, haujatoboka. Bado hujapata jibu. Shika miguu yote kwa kiganja, sio ule mmoja tu, manake bila kulinganisha hujui joto ni la jeraha au ni la jua. Mguu wenye joto kuliko mwenzake una kitu. Pita kidole nyuma ya kano kuanzia goti mpaka kifundo, kwanza akiwa amesimama, kisha mguu ukiwa umekunjwa, uone kama anauvuta ukifika sehemu fulani. Afu tafuta mapigo pembeni nyuma ya kifundo, hapo juu ya kwato: kwa farasi mzima ni madogo, unayatafuta kwa shida. Yakiwa yanapiga kwa nguvu mpaka unayapata bila kuhangaika, ndani ya kwato kuna kuvimba, inaweza kuwa jipu, inaweza kuwa ugonjwa mwingine wa kwato, yote mawili yanakataza kupandwa. Uvimbe nao sio wote ni mbaya, miguu yote miwili ya nyuma ikivimba sawasawa baada ya kulala ndani, ya baridi, haina maumivu, na akitembezwa inapungua, hiyo ni kusimama muda mrefu tu. Wa mguu mmoja, wa moto, huo ni habari nyingine.

Baada ya mikono ni macho, na hapa ndo watu wanaruka hatua. Kumtembeza tu hakutoshi, maumivu madogo hayaonekani kwenye matembezi. Mtafute mtu amkimbize troti kwa kamba, mbio zile za polepole za midundo miwili, kwenye ardhi ngumu iliyo sawa, moja kwa moja kwenda na kurudi, na kamba iwe legevu, maana ukimbana kichwa unaficha kile kile unachokitafuta. Mguu wa mbele ukiwa unauma, kichwa kinapanda pale mguu mbovu unapokanyaga na kinashuka kwenye mguu mzima. Wengi wanasoma kinyume, wanauguza mguu ambao hauna shida. Kwa nyuma angalia nyonga, upande unaouma unapanda na kushuka zaidi ya mwenzake. Kisha mzungushe duara kulia na kushoto, kwa sababu kuna kuchechemea kunakotokea kwenye kona tu. Madaktari wa farasi wa Marekani, chama chao AAEP, wanapima kuchechemea kwa ngazi kuanzia 0 mpaka 5, ambapo 0 hachechemei kabisa, 1 ni ile ngumu kuiona na haitokei kila mara, 3 inaonekana kila akienda troti, na 5 mguu karibu haugusi chini. Watu wanadhani 1 ni ruksa. Kwangu mimi kinachopandwa ni 0 peke yake, kwa sababu 1 kabla hujakaa juu inaweza kuwa 3 ukishakaa.

Na uzito ni hesabu tu. Farasi wa kilo 500 akisimama, kama asilimia 60 ya uzito iko miguu ya mbele, yaani karibu kilo 150 kila mguu. Akikimbia kwa kasi kuna nukta ambayo mguu mmoja wa mbele unabeba zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwili wake wote. Kile kipimo kinachotumika sana cha mtu na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi kimewekwa kwa farasi mzima, sio mgonjwa, kwa hiyo usiniambie "mimi ni mwepesi".

Najua pia utasema "mimi farasi wangu namjua, akiumwa ningeona". Uingereza walichunguzwa farasi 506 ambao wenyewe waliwachukulia wazima na walikuwa kazini kama kawaida, karibu nusu wakakutwa wanachechemea au wana hitilafu ya mwendo inayotokana na maumivu. Hao wenye farasi hawakuwa wazembe, ni kwamba farasi ni mnyama wa kuwindwa, kuficha maumivu kumo kwenye damu yake. Daktari Sue Dyson wa huko huko alitengeneza orodha ya tabia 24 za farasi akiwa amepandwa, kama kulaza masikio nyuma kwa muda mrefu, kufungua mdomo, kupiga mkia, kukataa kwenda mbele, na farasi akionyesha 8 au zaidi kuna uwezekano mkubwa ana maumivu ya misuli au mifupa. Kwa hiyo akianza "ukorofi" siku mbili baada ya kujikwaruza, usikimbilie fimbo.

Kitu kinachonitisha zaidi ya vidonda vyote ni kano, kwa sababu hapo hakuna hata damu. Asubuhi unakuta nyuma ya mguu wa mbele pamejaa kidogo, pana joto kidogo, anatembea fresh, na kuna mashindano wikendi. Nyuzi kadhaa zimekatika ndani na maumivu yanaweza kuisha baada ya siku chache wakati kano yenyewe haijaanza hata kujijenga. Ultrasaundi ndo inaonyesha, tena mara nyingi tunairudia baada ya wiki hivi kwa sababu siku za mwanzo sehemu iliyokatika inaweza kuonekana ndogo kuliko ilivyo. Kano iliyochanika sana inataka miezi 9 mpaka 12, wakati mwingine zaidi, na kovu linalobaki halina mvutiko wa zamani. Ukimpanda siku ile ya kwanza kwa "matembezi tu" jeraha la kupumzika wiki chache unaligeuza la mwaka mzima.

Ndo maana dawa ya maumivu na tandiko havikai siku moja. Ukimpa fenilbutazoni, ile wapanda farasi wanaita byuti, halafu akaenda troti safi, umepima dawa, hujampima farasi. Mpe kama daktari kasema, ila uamuzi wa kupanda subiri mpaka dawa iishe mwilini, na kwa mashindano ya FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, hairuhusiwi kabisa.

Yupi basi anapandwa? Yule mwenye mkwaruzo wa juu, mbali na kiungo na kano, mguu baridi kama mwenzake, hauvimbi, troti safi kwenye mstari na duara bila dawa, na tandiko, mkanda wala buti za miguu hazigusi kidonda. Huyo mpande, taratibu, ardhi isiwe na matope, na akishapumzika shika mguu tena, kisha ushike kesho yake asubuhi. Joto likirudi, simama.

Asiyepandwa naye ana kazi yake. Kidonda kioshwe kwa maji mengi safi yenye chumvi, gramu 9 kwa lita, sio dawa kali za kuunguza, manake huku chini ya goti ngozi inapona polepole na nyama inapenda kuota kupita kiasi mpaka inazuia ngozi kufunga. Mguu wenye joto umwagie maji ya baridi dakika 15 mpaka 20, mara kadhaa kwa siku. Bandeji iwe na pamba nene chini yake, kwa sababu ikikazwa moja kwa moja kwenye mguu inaumiza kano yenyewe. Chanjo ya pepopunda angalia tarehe leo leo, farasi anashikwa na pepopunda kirahisi kuliko karibu mnyama yeyote wa kufugwa, na katundu kadogo ndo bakteria wake wanakapenda. Msumari ukiwa umezama kwenye soli ya kwato na daktari yuko njiani, usiuchomoe, mzuie asikanyage ukazama zaidi, tuupige eksirei ukiwa ndani tujue umefika wapi. Kama lazima uutoe, weka alama tundu lilipo na upige picha, soli inajifunga ukageuka huoni kitu.

Na ukitupigia simu, kabla hujaanza kuhadithia ilivyotokea, tupe kwanza mahali kidonda kilipo, anakanyaga au hakanyagi, joto la mwili (kawaida ni 37.2 mpaka 38.3), mapigo ya moyo akiwa ametulia, ambayo yanatakiwa yawe kati ya 28 na 44 kwa dakika, chanjo ya mwisho lini, na dawa gani umeshampa. Hiyo ya dawa msitufiche jamani.