Je, wajua kwa nini mota ya treni isiyozunguka huishiwa nguvu spidi ikipanda?

Mota ya kawaida ya induksheni, ile ya pampu au ya mashine ya kusaga, ina koili kwa nje na chuma kinachozunguka ndani. Ukiipasua upande mmoja ukaikunjua ikalala kama mkeka, unapata mota ya mstari: koili zinafungwa chini ya treni, na ile sehemu iliyokuwa inazunguka inakuwa bamba la alumini lililolazwa katikati ya reli njia nzima. Umeme ukipita kwenye koili inatokea sumaku inayokimbia, sumaku hiyo inaamsha mikondo ya umeme ndani ya alumini, vinasukumana, treni inaondoka. Magurudumu kazi yake ni kubeba uzito tu, kwa hiyo hata reli ikilowa mvua msukumo uko palepale. SkyTrain ya Vancouver, Kanada, inatembea hivi tangu 1985.

Sasa mbona treni za kasi hazijajaa mota hizi?

Ishu ya kwanza ni mwanya. Kwenye mota ya kuzunguka, koili na chuma vinaachana milimita 1 hivi au chini ya hapo, lakini chini ya treni inayotikisika huwezi kuthubutu hivyo, unaacha kama milimita 10, na sumaku kuruka nafasi yote hiyo inadai umeme mwingi ambao hausukumi chochote.

Ishu ya pili ndo yenyewe hasa. Ndani ya mota ya kuzunguka chuma ni kilekile, kikitoka hapa kinarudi tena kikiwa tayari kimeshazoea sumaku. Treni haina bahati hiyo, kila mara mbele ya mota inakutana na alumini mpya kabisa, na alumini mpya ikivamiwa na sumaku ghafla inaamsha mikondo ya kuipinga isiingie. Sumaku inachukua muda kidogo kuishinda hiyo mikondo. Chukua mota ya urefu wa mita 3: kwa kilomita 100 kwa saa kila kipande cha alumini kinakaa chini yake kama sekunde 0.11, ila kwa kilomita 400 ni sekunde 0.027 tu, yaani sumaku ndo kwanza inaanza kukolea na mota imeshapita! Kwa hiyo sehemu ya mbele ya mota inakuwa kama haipo, na huku nyuma mikondo inabaki kwenye bamba ikipotea kama joto.

Dawa zipo ila kila moja ina bei yake. Ukirefusha mota na kuongeza nchasumaku (zile ncha za kaskazini na kusini za sumaku), ile sehemu dhaifu ya mbele inakuwa kipande kidogo cha mota nzima, lakini treni inakuwa nzito. Bamba nene linapitisha mikondo vizuri na kupunguza joto kwenye spidi ndogo, ila ukiwa kasi sana mikondo ile ya kupinga nayo inachelewa kufa, na kama nyuma ya alumini kuna chuma, unene wote huo unahesabika kama mwanya. Mimi naona faida kubwa iko kwenye inveta, kile kifaa kinachobadilisha umeme wa koili ili kupanga kasi ya sumaku inayokimbia, kwa sababu treni lazima iwe nyuma kidogo ya sumaku inayokimbia, na ikiachwa nyuma kwa asilimia 20 basi asilimia 20 ya nguvu iliyovuka mwanya inaishia kuunguza alumini, kwa hiyo inveta inayorekebisha tofauti hiyo muda wote inaokoa umeme mwingi bila kugusa reli.

Na spidi inawezekana kabisa. Agosti 1974 huko Pueblo, Colorado, Wamarekani walifikisha gari la majaribio la mota hii kilomita 411 kwa saa juu ya reli, japo walilifungia na injini za jeti lichanganye haraka maana njia ilikuwa fupi, na umeme wake lilikuwa linazalisha lenyewe kwa tabo ya gesi iliyobebwa humo humo.

Hapo ndo waliojenga treni ya kasi ya Shanghai, China, na Wajapani walipochepuka. Wao koili za kusukuma wameziweka kwenye njia, treni inabeba sumaku zake yenyewe na inakwenda sawasawa na sumaku ya njia bila kuachwa nyuma, kwa hiyo haitegemei tena mikondo ya kwenye alumini. Mwaka 2015 treni ya Japani ilifika kilomita 603 kwa saa kwa mtindo huo, ila gharama yake ni kutandika koili kila mita ya njia, wakati bamba la alumini ni bamba tu, na ndo maana njia za mjini kama Linimo ya karibu na Nagoya, inayoishia kilomita 100 kwa saa, bado zinatumia induksheni.