Sapu moja si disko

Mwanafunzi wa famasi wa mwaka wa kwanza akisikia jina lake limo kwenye orodha ya sapu, mara nyingi huwa ameshaambiwa na waliomtangulia kwamba safari imeisha, yaani amepata disko, amefukuzwa chuo. Neno hilo limezunguka mabwenini miaka mingi. Si kweli.

Kwa kawaida ya vyuo vya Tanzania, sapu ni mtihani wa marudio wa somo ulilofeli. Ukifaulu, unaendelea na wenzako. Gharama yake iko kwingine: hata ukiandika majibu ya kupendeza, alama yako mara nyingi huishia C.

Tuseme una masomo sita yenye krediti sawa, yaani uzito sawa, matano umepata B, ambayo ni pointi 3, na kemia umefeli kwa sifuri. GPA yako, yaani wastani wa pointi, ni 2.5. Ukifaulu sapu kwa C, pointi 2, inapanda hadi 2.83. Ungepata B mara ya kwanza, ingekuwa 3.0. Hasara ipo, ila ni ndogo kuliko kelele zake. Somo lenye krediti nyingi ndilo linalouma zaidi, na hilo watu husahau kulitazama.

Disko huja kwa njia nyingine: GPA kushuka chini ya kiwango cha chuo, kufeli marudio kupita kanuni zinavyoruhusu, au kukamatwa na kibomu, yaani karatasi ya majibu iliyofichwa, kwenye mtihani. Kanuni hutofautiana chuo kwa chuo, kwa hiyo soma kitabu cha chuo chako, usimsikilize jirani wa kitanda cha juu.