Utumbo wa kuku wa nyama si bora kuliko wa kuku mwitu, ni mkubwa tu

Wengi hudhani kuku wa nyama hukua upesi kwa sababu kila sehemu ya utumbo wake hufyonza chakula kuliko ya kuku mwitu mwekundu, ambaye ni asili ya kuku wa kufugwa. Sivyo. Tofauti kubwa ni wingi: kuku wa nyama hula zaidi, na utumbo wake mwembamba ni mrefu na mzito zaidi.

Wote huanguliwa baada ya siku 21 hivi, na katika wiki ya kwanza utumbo hukua haraka kuliko mwili. Vijidole vidogo vinavyofunika ukuta wake wa ndani hurefuka chakula kinapopita. Ndiyo maana kumnyima kifaranga chakula siku mbili, eti kiini kilichobaki tumboni kinamtosha, ni kosa kubwa; vijidole hudumaa, na uzito hupungua.

Mpe maji na chakula mara anapofika, kwenye joto la nyuzi 32 hadi 33. Baada ya saa 24, papasa gole, yaani mfuko wa chakula ulio chini ya shingo: liwe limejaa na laini. Likiwa gumu, maji hayatoshi.