Dubu Mweusi: Jina Lake na Rangi Zake

Aliyewahi kumwona faru kwa macho yake, Ngorongoro au Nakuru, anajua kwamba faru mweusi si mweusi na faru mweupe si mweupe. Wote ni wa kijivu, na wakitoka kugaagaa topeni huvaa rangi ya tope la mahali hapo. Waongozaji wa watalii hawashughuliki na ngozi, hutazama mdomo: faru mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka, wa kuchumia majani ya vichaka, na faru mweupe ana mdomo mpana, wa kukatia nyasi. Dubu mweusi wa Amerika Kaskazini ana kisa hichohicho. Jina linataja rangi, na mwenye jina hana habari nayo.

Dubu mweusi, basi, ni jina la spishi moja, Ursus americanus, inayoishi Kanada, Marekani na kaskazini mwa Meksiko. Ni mnyama wa msituni, mwepesi wa kupanda miti, anayekula majani, matunda, njugu za mwituni, wadudu, samaki, mizoga, na mapipa ya taka akiyakuta wazi. Dume huwa na uzito wa kati ya kilo 60 na 250, jike hupungua hapo. Anaweza kuwa mweusi tititi, wa kahawia, mwekundu kama mdalasini, au wa rangi ya mchanga mkavu, na bado akaitwa dubu mweusi. Jike mmoja anaweza kuzaa watoto wa rangi mbili kwa uzazi mmoja.

Jina lilitokana na mahali Wazungu waliposhukia. Upande wa mashariki wa bara lile, karibu dubu wote wa spishi hii ni weusi kweli, pua zao tu ndizo za kahawia hafifu, na baadhi wana baka jeupe kifuani. Walowezi waliwaona, wakawaita weusi, na hawakukosea. Taabu ilianza walipovuka kwenda magharibi. Katika hifadhi ya Yellowstone takriban nusu tu ya dubu weusi ndio wenye rangi nyeusi. Yosemite, huko California, hakuna spishi nyingine ya dubu isipokuwa huyu, lakini wengi wao ni wa kahawia. Mgeni humwona, akapiga picha, akawatumia nyumbani na maneno "nimekutana na grizli!", yaani dubu wa spishi nyingine, ile ya dubu wa kahawia. Bendera ya California inazidi kumpoteza, kwa kuwa imechorwa grizli, ilhali grizli wa mwisho wa jimbo hilo alitoweka katika miaka ya 1920.

Wapo hata weupe. Kwenye visiwa na pwani ya British Columbia, Kanada, kuna dubu weusi wachache wanaozaliwa na manyoya meupe kama maziwa yenye siagi. Si maalbino, macho na pua zao zina rangi ya kawaida. Ni jeni inayojificha, ambayo mtoto lazima airithi kwa baba na kwa mama ndipo ijitokeze, kwa hiyo jike mweusi anaweza kuonekana akiongozana na mtoto mweupe. Wenyeji wa pwani hiyo, Watsimshiani, wamekuwa na hadithi zake tangu kale. Mwaka 2006 jimbo lilimfanya mnyama wake rasmi. Na kusini-mashariki mwa Alaska wako wengine wa kijivu cha buluu, kama moshi wa kuni mbichi. Wote hao, kwa jina la spishi, ni weusi.

Kwa nini mtu ajisumbue kujua? Kwa sababu mahali ambapo dubu mweusi anaishi pamoja na grizli, ambaye ni aina ya dubu wa kahawia, kukosea kuna gharama, kwa mtu na kwa mnyama. Wamarekani wana msemo wa vina wanaofundishana kambini: akiwa wa kahawia lala chini, akiwa mweusi pigana. Ushauri wenyewe una msingi. Idara ya hifadhi za taifa ya Marekani husema hivi: grizli akikuvamia kujihami, lala kifudifudi, fumbata shingo kwa mikono, tulia mpaka aondoke, lakini dubu mweusi akikushambulia usijifanye maiti, pambana naye kwa chochote ulicho nacho, umpige usoni. Ubovu wa msemo ni kwamba umeufungia ushauri mzuri kwenye alama mbaya. Ukikutana na dubu mweusi wa rangi ya mdalasini na ukatii kina, utamlalia chini yule uliyepaswa kupambana naye.

Upande wa mnyama nao una sheria. Grizli wa majimbo ya Marekani yaliyo kusini ya Kanada walihesabiwa kuwa hatarini na kulindwa na sheria tangu 1975, na leo ni kama elfu mbili hivi. Dubu weusi ni mamia ya maelfu, na katika majimbo mengi wanawindwa kwa kibali. Montana, ambako wako wote wawili, humtaka mwindaji wa dubu mweusi afaulu kwanza mtihani wa picha wa kuwatofautisha, ndipo auziwe kibali. Jambo hili haliko mbali na Waswahili kama linavyosikika. Mji wa Missoula, katika jimbo hilohilo, umekuwa ukipokea familia za Wakongomani tangu 2016, na Kiswahili kinasemwa humo. Msimu wa matunda, dubu weusi hushuka kutoka mlimani hadi kwenye miti ya tofaa iliyo uani mwa watu, kwani kabla ya usingizi wa majira ya baridi hula mchana na usiku kama waliotumwa. Mama aliyekulia Uvira hakufundishwa kumfungia dubu pipa la taka. Huko analazimika kujifunza.

Sasa alama. Ya kwanza ni nundu, na hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana ujuzi tayari. Mfikirie ng'ombe wa kienyeji, zebu au Boran, akisimama kando ya Friesian. Yule wa kienyeji ana nundu juu ya mabega, yule wa maziwa mgongo wake umenyooka. Grizli ni yule wa kienyeji: juu ya mabega yake kuna fundo la misuli linalomtumikia akichimba mizizi na kufukua wanyama wa mashimoni. Dubu mweusi ni Friesian, hana nundu. Sehemu yake iliyoinuka zaidi anaposimama kwa miguu minne kwa kawaida ni ya nyuma, kiunoni, au katikati ya mgongo.

Ukipenda, mkumbuke na fisi. Fisi ana mabega ya juu na mgongo unaoteremka kwenda nyuma. Grizli akitembea ana mteremko wa namna hiyo. Dubu mweusi hana.

Lakini nundu nayo hudanganya. Dubu mweusi akiinamisha kichwa kula, au akipanda mwinuko, mabega huinuka na kuleta kivuli cha nundu. Grizli naye akikaa kitako, yake hupotea. Subiri ageuke, umtazame ubavuni akiwa amesimama sawa. Kama hawezi kusubiriwa, angalia uso. Dubu mweusi ukimtazama ubavuni, paji lake la uso na pua vimefuata mstari mmoja, karibu ulionyooka. Grizli ana mbonyeo kati ya macho na pua, kama sahani iliyolazwa kwa ubavu. Masikio ya mweusi ni marefu kidogo, yamesimama na yanaonekana waziwazi. Ya grizli ni mafupi ya mviringo, yamezama kwenye manyoya. Kwa watoto alama ya masikio haina maana, kwani kila mtoto wa dubu anaonekana ana masikio makubwa.

Kucha ndizo ninazoziamini zaidi, ingawa kwa bahati nzuri wengi hatutakuwa karibu kiasi cha kuzipima. Za dubu mweusi ni fupi, nyeusi, zimepinda kama ndoano, na ndizo zinazomwezesha kukwea mti kwa sekunde chache. Za grizli za miguu ya mbele hufikia hata sentimita 10, zimenyooka zaidi, na mara nyingi zina rangi hafifu inayoonekana kwa darubini kutoka mbali. Ni jembe. Hapo ndipo utaona kwamba alama hizi zote zina simulizi moja: mmoja ameumbwa kwa kupanda, mwingine kwa kuchimba. Nundu, kucha na mabega vimetokana na kazi, na kazi haibadiliki kama manyoya yanavyobadilika kwa jua, umri na msimu. Ndivyo ilivyo kwa mdomo wa faru.

Mara nyingi dubu mwenyewe humwoni, unakuta nyayo zake tu. Unyayo wa mguu wa nyuma humshtua asiyeujua, kwa kuwa unafanana na wa mtu aliyetembea pekupeku, ila kidole kikubwa kiko upande wa nje na kidogo kiko ndani. Kwa kutofautisha, tumia unyayo wa mbele. Chukua kijiti kilichonyooka. Kilaze kuanzia chini ya kidole kikubwa, kikipita juu ya ukingo wa mbele wa kiganja, hadi upande wa kidole kidogo. Ikiwa sehemu kubwa ya kidole kidogo imebaki chini ya kijiti, ni dubu mweusi. Ikiwa imebaki juu, ni grizli, kwa sababu vidole vyake vimejipanga karibu kwa mstari na kubanana, wakati vya mweusi vimefanya upinde na kuachana. Tazama pia vitundu vya kucha: za grizli hutoboa udongo mbali mbele ya vidole, za mweusi hutoboa karibu sana, au hazionekani kabisa. Matope laini hutoa jibu zuri. Theluji inayoyeyuka hukuza kila kitu, hata unyayo wa mbwa ukaonekana wa jini.

Ukubwa usiutegemee. Grizli mchanga na dume la dubu mweusi lililoshiba wanaweza kulingana uzito, na mtu aliyeshikwa na hofu huongeza kilo kwa macho. Mti nao si ushahidi: grizli wazima hupanda kwa shida, lakini hupanda, na watoto wao hupanda vizuri. Kinachosaidia kuliko watu wanavyodhani ni kujua uko wapi. Kuanzia Florida hadi Maine hakuna grizli wa porini hata mmoja, kwa hiyo katika misitu ya mashariki swali limeshajibiwa kabla hujaliuliza. Lakini aliye Montana, Wyoming, Alaska au magharibi mwa Kanada, huyo na atazame mabega. Kwa vyovyote asikimbie, kwani dubu hufikia mwendo wa kilomita 50 kwa saa na zaidi. Yellowstone huwataka wageni wakae angalau mita 91 kutoka kwa dubu yeyote, awe yupi.

Kuna utata mwingine wa jina. Asia nako kuna dubu mweusi, spishi tofauti, Ursus thibetanus, mwenye hilali jeupe kifuani. Makazi yake yanaanzia Japani hadi kusini-mashariki mwa Irani, na wa huko mwisho, wa Baluchistani, wamebaki wachache mno. Mabulushi wa Mombasa na Unguja, ambao wazee wao waliletwa kama askari wa masultani wa Omani, wana dubu mweusi katika nchi ya asili yao, ingawa sidhani kama wengi wao humtaja. Wale tuliowasoma katika Biblia, aliyeuawa na Daudi na wale wawili wa Elisha, walikuwa dubu wa kahawia wa Shamu.

Huku kwetu dubu hatuna, na neno lenyewe tumelichukua kwa Waarabu. Afrika ilibakiwa na dubu mmoja tu, wa milima ya Atlas, na huyo alitoweka katika karne ya 19. Hata hivyo mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi wa Kizungu magharibi mwa Kenya walisimulia kwa miaka mingi juu ya "dubu wa Nandi", wakimchanganya na chemosit, zimwi la hadithi za Wakalenjini. Hakuna aliyeleta ngozi wala fuvu la dubu. Maelezo yao yalitofautiana karibu katika kila kitu, rangi ikiwemo, lakini jambo moja lilijirudia: mnyama wa usiku, mabega ya juu, mgongo unaoteremka kwenda nyuma. Wataalamu wengi wa wanyama waliosoma maelezo hayo waliona ni fisi.