Margot Friedländer: yanayosemwa na yaliyotokea

Margot Friedländer, Myahudi wa Ujerumani, alizaliwa Berlin mwaka 1921 na akafariki huko huko Mei 2025, akiwa na miaka 103. Maisha yake yanakanusha mengi yanayosemwa juu ya manusura wa Maangamizi ya Wayahudi, mauaji ya halaiki yaliyofanywa na Wanazi waliotawala Ujerumani.

Dhana: Wayahudi wangeweza kuondoka mapema.
Kuondoka kulitaka viza, na milango ilifungwa. Julai 1938 wajumbe wa nchi 32 walikutana Évian, Ufaransa, kuwajadili wakimbizi wa Kiyahudi. Karibu wote walikataa kuongeza nafasi. Lawama hii inaniumiza, maana inamtwika aliyeuawa kosa la muuaji.

Dhana: Kila manusura alipitia Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland.
Januari 1943 Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walimkamata Ralph, mdogo wake Margot. Mama yao, Auguste, akajisalimisha ili mwanawe asiende peke yake. Alimwachia binti yake mkoba, mkufu wa kaharabu, daftari la anwani na ujumbe mmoja: jaribu kuyajenga maisha yako. Mama na mwana waliuawa Auschwitz. Margot, msichana wa miaka 21, akaivua nyota ya njano ambayo Wayahudi walilazimishwa kuivaa, akapaka nywele rangi nyekundu, akaishi mafichoni kwa takriban miezi 15, leo nyumba hii, kesho ile. Wajerumani waliomficha walijua hatari yake, kwa hiyo wanaosema hakuna aliyeweza kufanya lolote wasikubaliwe haraka. Berlin walijificha Wayahudi wapatao 7,000. Walionusurika ni kama 1,700. Yeye alikamatwa mwaka 1944 na kupelekwa Theresienstadt, kambi ya Wanazi katika Chekia ya leo.

Dhana: Theresienstadt ilikuwa na nafuu.
Hiyo ni propaganda ya Wanazi. Watu wapatao 33,000 walifia humo, na karibu 90,000 walisafirishwa mashariki, wengi wao kwenda kuuawa.

Dhana: Aliyerudi Ujerumani alikuwa amesamehe na kusahau.
Baada ya kuishi New York tangu 1946, alirejea Berlin mwaka 2010, akiwa na miaka 88. Alirudi kusimulia. Alizunguka shuleni akiwaambia vijana kwamba hakuna damu ya Kikristo, ya Kiyahudi wala ya Kiislamu, ipo damu ya binadamu tu. "Muwe binadamu," aliwasisitizia. Wengine hulisikia neno hilo kama upole wa bibi mzee. Mimi nalisikia kama dai zito, kwa sababu hakuwabebesha vijana hatia ya babu zao. Aliwataka wawe mashahidi wakati manusura wenyewe hawapo tena.